Polisi, wazee au hakimu: ukidhulumiwa Lamu, kesi uianzie wapi?

Swali hili halikosi barazani, na majibu yake huwa ya mkato. Mmoja atasema nenda polisi ukaandikishe, atajua yeye. Wa pili atasema polisi wa nini, nyinyi ni watu wa mtaa mmoja, malizaneni. Na siku hizi hakosi wa tatu, kijana aliyesomasoma, anayeshikilia kwamba sheria inakuruhusu kumpeleka mtu kortini wewe mwenyewe bila ya kupitia kwa askari. Hakuna aliyekosea kati yao. Ila wote wanazipima njia hizi kwa ukali, ipi itamtia hofu zaidi aliyekudhulumu, na kipimo hicho ndicho kinachowaponza watu. Mimi nauliza mambo mawili tu: kesi ikishaanza, itakuwa ya nani? Na nikibadilisha nia, nitaweza kuirudisha?

Nitachukua mifano miwili isiyoisha huku kwetu. Mmoja ni wa mashini ya boti iliyong'olewa usiku Kizingitini, kisiwani Pate. Wa pili ni wa majirani waliogombana mtaani Langoni, Lamu mjini, hadi mmoja akapasuliwa kichwa.

Ukienda polisi

Kituoni unaanzia kaunta. Askari anafungua kitabu cha matukio, OB, anaandika saa, jina lako na maneno machache ya yaliyotokea, na taarifa yako inapata namba. Usitoke bila ya namba hiyo. Iandike kwenye simu, au hata kiganjani, kwa sababu kila utakaloomba baadaye litaanzia kwayo: P3, ile fomu ya polisi ambayo daktari anaijaza kueleza jeraha, karatasi za bima, hata malalamiko dhidi ya kituo chenyewe. Kuandikisha ripoti hakulipiwi.

Polisi wana mikono ambayo wewe huna. Wanaweza kukamata, kupekua, kumfuata shahidi asiyetaka kuja, na kwa amri ya korti kuchukua rekodi za simu na za pesa. Ikiwa mashini ya Kizingitini ishauzwa Malindi, wewe utaifuata kwa maneno na nauli, lakini kituo kimoja kikipiga simu kituo chengine, mtu anaweza kushikwa jioni hiyo hiyo. Wizi ni katika makosa ambayo askari hahitaji waranti kumkamata mshukiwa.

Wewe nawe sheria imekupa mkono, ila mfupi. Sheria ya Utaratibu wa Makosa ya Jinai, sura ya 75 ya sheria za Kenya, inamruhusu raia kumshika mtu anayetenda mbele ya macho yake kosa la kukamatika bila waranti, au anayemshuku kwa sababu za maana kuwa ametenda kosa kubwa. Mwenye mali naye anaweza kumshika anayeiharibu mali yake. Baada ya hapo ni lazima umkabidhi kwa askari bila kuchelewa, na kama askari hayupo, umfikishe kituo cha karibu. Watu huharibu hapo katikati, baina ya kumshika na kumkabidhi. Mwizi akifungwa kamba kwenye mnazi akachapwa hadi alfajiri, kukipambazuka kituoni kutakuwa na washukiwa wengi, na mwizi atakuwa mmoja wao tu.

Kasoro ya njia ya polisi wengi huijua wakiwa wamechelewa. Uchunguzi ukimalizika, faili linakwenda kwa kiongozi wa mashtaka, ambaye yuko chini ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, DPP. Kifungu cha 157 cha Katiba ya 2010 kimempa DPP uamuzi wa kushtaki bila ya kuhitaji idhini ya mtu yeyote. Kesi itaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Wewe uliyepasuliwa kichwa ni mlalamishi na shahidi, basi. Sheria ya Ulinzi wa Waathiriwa ya 2014 inataka usikizwe, kwa mfano mshtakiwa anapoomba dhamana au kabla ya kuhukumiwa, lakini kusikizwa si kuamua.

Nje ya korti mazungumzo kama haya ni ya kawaida:

"Mwanangu, mimi nishamsamehe. Mamake alikuja nyumbani akalia. Ifute tu."

"Mama, mimi siwezi kuifuta. Kesi sasa ni ya serikali. Ukitaka kuondoa malalamiko utamwambia hakimu, naye atakuuliza sababu."

Na atauliza kweli, kwa sababu hakimu anataka kujua kama umesamehe, umelipwa, au umetishwa. Hapa pana milango miwili ya kutokea, na inafaa uijue kabla ya kuingia. Kwa kifungu cha 204 cha sheria hiyo ya sura ya 75, mlalamishi akimridhisha hakimu kwamba ana sababu za kutosha, anaruhusiwa kuondoa malalamiko kabla ya hukumu, na mshtakiwa anaachiliwa huru. Imekwisha, huwezi kumrudisha kwa jambo lile lile. Kwa kifungu cha 87, anayeondoa ni kiongozi wa mashtaka, na korti ikiruhusu kabla ya mshtakiwa kuitwa ajitetee, mtu huyo anatolewa lakini anaweza kushtakiwa upya kwa yale yale. Nimeona familia zikishangilia uwanjani mwa korti bila ya kujua zimetokea mlango upi. Muulize karani au wakili kifungu kabla ya kupika pilau.

Ukienda kwa wazee

Njia hii haina ofisi moja. Inaweza kuwa imamu wa msikiti, mzee wa mtaa, chifu, watu wa Nyumba Kumi, ule mpango wa majirani kulinda mtaa, au kwa mambo ya bahari, BMU, kamati ya wavuvi inayosimamia ufuo wa bandari hiyo. Kifungu cha 159 cha Katiba kinazitaka korti zenyewe zikuze suluhu za aina hii, maridhiano, usuluhishi na njia za jadi, mradi zisivunje haki za kimsingi. Mwaka 2020 Idara ya Mahakama ilizindua hata sera ya mifumo mbadala ya haki. Kwa hiyo anayekwambia mambo ya wazee hayatambuliwi na sheria amepitwa na wakati.

Huku kesi ni yako. Unaamua unachotaka: mashini irudi, gharama za hospitali zilipwe, msamaha utolewe mbele ya watu. Na kwa mvuvi kuna hesabu ambayo wanasheria wa bara hawaifikirii. Mashini ikishikwa na polisi inakuwa kielelezo cha korti, na inaweza kukaa stoo ya kituo hadi kesi isikizwe. Ikiibiwa mwanzo wa kaskazi, ule msimu wa bahari tulivu ambao ndio unaolisha nyumba, unaweza kuushinda mwizi kortini na kuupoteza msimu wote. Kwa wazee, mashini ikipatikana Ijumaa, Jumamosi iko baharini.

Ila wazee hawana seli, hawana waranti, na hawawezi kumlazimisha mtu aje. Wakishamaliza, utapewa karatasi ya daftari iliyokunjwa mara nne: majina, tarehe, "nimekubali kulipa", sahihi mbili, alama za vidole za mashahidi. Karatasi hiyo ni mapatano. Asipolipa, unaweza kumdai kortini kwa kesi ya madai, lakini wazee hawawezi kumfunga. Na wakati unamngojea alipe, jeraha linapona, mashahidi wanahamia Mombasa, na kurudi polisi baada ya miezi mitano kunakuwa kugumu. Ushauri wangu kwa aliyepigwa na anayetaka sulhu: sulhu iwe, lakini kwanza nenda hospitali utibiwe na uandikishe OB. Kuandikisha OB pekee hakujamfikisha mtu kortini, na kunakuwekea akiba iwapo mapatano yatavunjika.

Si kila kosa, hata hivyo, ni la kumalizwa nyumbani. Kifungu cha 176 cha sura ya 75 kinairuhusu korti kuhimiza maridhiano na fidia kwa shambulio la kawaida, au kosa lolote la kibinafsi ambalo si kosa kubwa la jinai na halikuzidi kiwango. Kosa kubwa, kwa tafsiri ya Kanuni ya Adhabu, ni lile linaloitwa hivyo na sheria, au lenye kifungo cha miaka 3 na kuendelea pale sheria isipolitaja kuwa dogo. Hapo ndipo mfano wa Langoni unapokuwa mtamu. Shambulio la kawaida, kifungu cha 250, lina kifungo cha mwaka 1 na ni kosa dogo. Shambulio la kusababisha majeraha, kifungu cha 251, lina kifungo cha miaka 5, na juu ya hayo sheria inaliita kosa dogo. Kudhuru vibaya, kifungu cha 234, ni kosa kubwa na kifungo chake chaweza kufika maisha. Ngumi ni ile ile, kichwa ni kile kile.

Kinachotenganisha vifungu hivyo vitatu, kwa kiasi kikubwa, ni mstari mmoja kwenye P3. Unatibiwa kwanza, unarudi kituoni na karatasi za matibabu, unapewa P3, unaipeleka hospitali ijazwe. Daktari anaandika aina ya jeraha, umri wake, kifaa kilichodhaniwa kutumika, na kiwango cha madhara. Akiandika kwamba madhara ni makubwa, mlango wa kifungu cha 176 umefungwa na wazee wanabaki kuomba tu. Ndiyo maana utawaona ndugu wa mshukiwa wakizunguka hospitali kabla hata hawajaja kukujulia hali. Usikubali P3 ijazwe na ndugu zake wakiwa wamesimama mlangoni, na usimwombe daktari aiongezee jeraha chumvi, kwa sababu ataitwa kortini kuisimamia.

Kuna na mambo ambayo mzee mwenye busara hayagusi kabisa. Mtoto akinajisiwa, hakuna mahari wala ng'ombe wala shilingi inayoweza kuyamaliza. Sheria ya Makosa ya Ngono ya 2006 inampa mkosaji kifungo cha maisha ikiwa aliyenajisiwa ana miaka 11 au chini yake, na hata aliyenajisiwa akiwa na miaka 16 au 17, mkosaji amewekewa adhabu yake. Tena Kanuni ya Adhabu inalifanya kosa kupokea kitu ili kuficha kosa kubwa au kujizuia kulishtaki. Mzee aliyekaa kwenye mkeka kugawa pesa za kunyamazisha jambo kama hilo anaweza kujikuta kizimbani, kanzu na kofia yake.

Mtu atauliza, si kuna kesi ya mauaji iliyomalizwa kwa mila? Ipo. Mwaka 2013 Mahakama Kuu jijini Nairobi iliruhusu shtaka la mauaji liondolewe baada ya familia mbili kumalizana kwa desturi za Kisomali. Majaji wengine baadaye walikataa kuufuata mfano huo. Usiujengee nyumba.

Ukimwendea hakimu mwenyewe

Yule kijana wa barazani hakudanganya. Kwa kifungu cha 89 cha sura ya 75, mtu anayeamini kwa sababu za maana kwamba mwenzake ametenda kosa anaweza kupeleka malalamiko kwa hakimu mwenye mamlaka, kwa maandishi au kwa mdomo. Ya mdomo hakimu anayaandika na nyote mnatia sahihi. Akiridhika, anatoa samansi au waranti. Kifungu cha 88 kinamruhusu hakimu kumkubalia mtu aendeshe mashtaka. Na Sheria ya Ofisi ya DPP ya 2013 inasema mtu yeyote anaweza kushtaki binafsi, mradi amjulishe DPP kwa maandishi ndani ya siku 30.

Kwa maneno, hii ndiyo njia tamu kuliko zote: hatamu mkononi mwako, na nguvu za korti nyuma yako. Kwa vitendo, mimi ndiyo njia ninayoipendekeza mara chache zaidi.

Kwanza, korti haikupi ruhusa hiyo kirahisi. Korti zimekuwa zikiuliza: ulikwenda polisi na kwa kiongozi wa mashtaka, wakakataa au wakanyamaza bila ya sababu? Wewe ndiye uliyeumia hasa? Huna kisasi cha siasa, ardhi au ndoa unachokivika joho la jinai? Kwa hiyo aliyedhani anaikwepa polisi anarudishwa kituoni kutafuta ushahidi kwamba polisi walikataa. Pili, mzigo wote ni wako. Unatafuta mashahidi, unalipa wakili ukimtaka, na unathibitisha kosa kwa kiwango kile kile anachothibitisha serikali, bila ya shaka ya maana, huku huna mamlaka ya kupekua nyumba ya mtu. Tatu, hata hatamu zenyewe si zako moja kwa moja. DPP anaweza kuichukua kesi yako, na akishaichukua anaweza kuomba ruhusa ya korti kuisimamisha. Na mshtakiwa akishinda, korti inaweza kukuamuru umlipe gharama zake, jambo ambalo halimpati mlalamishi wa kawaida wa polisi.

Inafaa lini basi? Inafaa pale ambapo ushahidi uko mkononi mwako tayari, nyaraka au video au mashahidi wasioyumba, mtu mwenyewe anajulikana anapokaa, na kituo kimekaa na faili bila ya kutoa jibu. Na kuna saa inayopiga: makosa madogo kabisa, ambayo kifungo chake hakizidi miezi 6, hayafunguliwi baada ya miezi 12 kupita.

Mara nyingi barua inatosha kuliko kesi. Ukimwandikia kiongozi wa mashtaka kwamba OB namba fulani ya tarehe fulani haijapiga hatua, ana uwezo wa kuitisha faili, na DPP kikatiba anaweza kumwelekeza Inspekta Jenerali achunguze. Ikiwa kero ni askari mwenyewe, alikupiga au amekuomba kitu, hapo ni IPOA, mamlaka huru ya kusimamia utendakazi wa polisi iliyoundwa kwa sheria ya 2011.

Na kadhi?

Lamu ni mji wa kadhi, na watu humpelekea kila kitu. Lakini kifungu cha 170 cha Katiba kimempa hadhi ya mtu binafsi, ndoa, talaka na mirathi, pale ambapo wote ni Waislamu na wamekubali mamlaka yake. Jinai hana. Mwanamke aliyepigwa na mumewe atapata kwa kadhi talaka na nafaka, yaani pesa za matunzo. Kipigo chenyewe kinashtakiwa kwa hakimu, na ikiwa anahofia kurudi kupigwa, Sheria ya Ulinzi dhidi ya Dhuluma za Nyumbani ya 2015 inampa nafasi ya kuomba amri ya korti ya kumzuia mume asimkaribie. Bibi wengi huambiwa wachague moja. Si kweli. Zote tatu zinaweza kwenda pamoja, na kufungua moja hakuifungi nyengine.

Deni, kwa upande wake, si jinai. Aliyekukopa akashindwa kulipa mpeleke kwenye kesi ya madai. Kumtaka askari amlaze seli mpaka ndugu zake walete pesa ni kuitumia kamba usiyojua itamfunga nani.

Korti ya wapi?

Kanuni ya jumla, kifungu cha 71 cha sura ya 75, ni kwamba kosa linashtakiwa kwenye korti ya mahali lilipotendeka. Mashini imeibiwa kisiwani Pate, basi mwizi ni wa korti ya Lamu. Lakini aliyeinunua Malindi akijua ni ya wizi ametenda kosa lake mwenyewe, la kupokea mali ya wizi, na kwa kuwa kosa hilo limefungamana na wizi, kifungu cha 73 kinaruhusu lisikizwe Lamu au Malindi. Kosa likitendeka safarini, tuseme umeporwa kwenye basi baina ya Mokowe na Malindi, au mmepigana ndani ya boti, kifungu cha 75 kinaruhusu korti yoyote ambayo safari ilipita au kuingia kwenye eneo lake. Abiria anayekaa Malindi hana haja ya kurudi Lamu kila kesi inapotajwa, kama atalisema jambo hilo mapema kituoni. Na usitegemee kumshinda mtu kwa kudai tu kwamba korti haikuwa ya eneo lile: hukumu haifutwi kwa sababu hiyo peke yake, mpaka ionekane haki imepotea.

Korti nazo zina ngazi. Makosa mengi, wizi, mashambulio, hata kuua bila kukusudia, yanasikizwa na hakimu. Mauaji na uhaini ni ya Mahakama Kuu tu. Mfano mkubwa wa pwani ni Shakahola, bara ya Malindi, ambako miili ya wafuasi wa dhehebu moja ilianza kufukuliwa Aprili 2023. Mhubiri Paul Mackenzie na wenzake walikana mashtaka, na mashtaka hayo hayakuwekwa kwenye kapu moja: ya ugaidi yalifunguliwa Shanzu, ya kuua bila kukusudia ya watu 238 Mombasa, ya kuwatendea watoto ukatili kwenye korti ya watoto ya Tononoka, na ya mauaji ya watoto 191 yakasomwa Mahakama Kuu ya Malindi Februari 2024. Wengi waliona ni kuzungushwa. Lakini shtaka la mauaji halina korti nyengine ya kuanzia.

Kwa mtu wa Lamu ngazi ina maana ya nauli. Kesi ya hakimu unaifuata kwa miguu au kwa boti ya asubuhi. Rufaa kutoka Lamu zimekuwa zikisikizwa Mahakama Kuu ya Garsen, nayo ni kuvuka hadi Mokowe, kisha gari kupitia Hindi na Witu. Baada ya hapo kuna Mahakama ya Rufani inayokaa Malindi. Kuna na jambo la lugha: mbele ya hakimu kesi inaweza kuendeshwa kwa Kiswahili, lakini lugha ya Mahakama Kuu kisheria ni Kiingereza. Haki ya mkalimani bila malipo ni ya mshtakiwa kwa kifungu cha 50 cha Katiba, na ni haki ya kudaiwa kwa sauti, si ya kungojewa. Na anayetaka kukata rufaa kutoka kwa hakimu ana siku 14.

Ikiwa aliyekamatwa ni wako

Hapa chaguo ni chache zaidi na saa ni ndogo. Kifungu cha 49 cha Katiba kinataka aambiwe sababu kwa lugha anayoielewa, aruhusiwe kuwasiliana na wakili na watu wake, na afikishwe kortini ndani ya saa 24. Saa hizo zikimalizikia siku isiyo ya korti, ni mwisho wa siku ya korti inayofuata, kwa hiyo wa Ijumaa jioni anatarajiwa Jumatatu. Katiba haijui maji kupwa wala kujaa: kwamba boti ya kutoka Faza ilichelewa ni la polisi kumweleza hakimu. Polisi wakitaka kumshikilia zaidi kabla ya kumshtaki, lazima waombe siku kortini, na una haki ya kupinga. Kwa kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi 6, hafai kuwekwa rumande.

Bondi ya polisi na dhamana ya korti watu huzichanganya. Ya polisi inatolewa na mkuu wa kituo kabla ya korti, na hailipiwi. Ukiweka pesa taslimu ni amana, udai risiti, na zinarudi kesi ikiisha. Ya korti inawekwa na hakimu, na mtu hawezi kunyimwa ila kwa sababu nzito. Bondi ya polisi ikiwezekana ni bora kwa kosa dogo, maana analala nyumbani na mnapata siku ya kutafuta wakili.

Akisomewa mashtaka, vijana hushauriwa wakiri ili yaishe. Kukiri tupu ni kuikabidhi korti shingo yako na kungoja. Ikiwa kweli ametenda, kuna njia ya tatu tangu 2008, makubaliano ya kukiri, ambapo mshtakiwa na kiongozi wa mashtaka wanaandikiana shtaka dogo zaidi au fidia, na korti inayakagua. Mlalamishi hupewa nafasi ya kusema lake kabla, kwa hiyo hapo sulhu ya wazee inaweza kuingia kortini kwa mlango halali: karatasi ile ya daftari inakuwa hoja mezani.

Ningechagua hivi

Jirani kanipasua kichwa Langoni, nyuzi tatu, na tutaendelea kuonana msikitini: hospitali, OB, P3, kisha wazee, na mapatano yawe na tarehe ya mwisho ya kulipa. Tarehe ikipita, narudi kituoni asubuhi yake. Ametumia panga, au ndiye yule yule wa mwaka jana: polisi moja kwa moja, na mamake asinijie.

Mtoto kaguswa: polisi na hospitali saa hiyo hiyo, nguo zisifuliwe, na baraza isijue.

Mashini kaiba mtoto wa mtaa na bado iko kisiwani: BMU kwanza, siku mbili, si wiki mbili. Ishavuka kwenda Malindi: polisi, hata kama kaskazi imeanza. Usiende na vijana kuichukua. Peleka kituoni risiti yako na namba iliyogongwa kwenye mashini, na ikishapatikana umwombe kiongozi wa mashtaka mapema, tena kwa maandishi, ipigwe picha za kielelezo ili wewe urudishiwe. Hakimu ndiye atakayeamua, na ombi lililofika siku ya kwanza kesi inapotajwa lina nafasi kuliko lile linaloletwa kusi imeshaingia.